Kamera ya Gari la Mwalimu

Alhamisi, jioni

Leo nimemdanganya mtu, tena aliyenifundisha kusoma.

Mwalimu Kabula alileta gari lake gereji kwangu Igoma, kioo cha mbele kimepasuliwa na jiwe. Nilimwekea kingine vizuri. Lakini nyuma ya kioo kuna kamera inayotazama barabara, ili gari lifunge breki lenyewe kukiwa na kitu mbele. Ukibadilisha kioo, lazima kamera irekebishwe kwa kompyuta ili ione sawasawa. Kompyuta hiyo sina, na niliona aibu kumwambia.

Alipowasha, taa ya njano ikawaka na gari likaongea Kijapani.

"Linasema nini, mwanangu?"

Kijapani sijui, ila nilijua linalalamikia kamera. Nikajibu, "Linakusalimia tu, Mwalimu."

Akacheka, akaipapasa dashibodi. "Marahaba."

Kesho anakwenda Misungwi, na njia ile ng'ombe wanavuka ovyo. Macho yake yamepungua nguvu, ndiyo maana alinunua gari la namna hiyo. Aliniambia mwenyewe.

Nimeshika simu tangu jua lizame. Nitampigia. Ninachoogopa ni neno la kwanza tu: nikisema shikamoo, ataniitikia vilevile alivyoliitikia gari.