Furaha Ananiita Mayi

Schaerbeek, Brussels. Jumanne, Agosti 1997.

Joto. Nyumbani waliniambia Ulaya ni baridi, nikaja na masweta matano, na leo dirisha la jikoni liko wazi tangu asubuhi na pazia halijatikisika hata kidogo. Ni saa mbili ya jioni na jua bado linawaka juu ya mapaa ya majirani. Furaha amelala. Ni mara ya kwanza tangu afike kulala bila kulia kwanza.

Naandika haraka, maana mtandao unakula laini ya simu, na nikiwa humu Benno akipiga hanipati. Ukurasa huu aliniundia yeye, mume wangu, ili nisiongee na kuta. Chini kabisa aliweka kidude cha kuhesabu wageni. Kinasema kumi na tisa. Nadhani kumi na saba ni mimi mwenyewe.

Basi tuko wachache, naweza kusema ukweli.

Kwa huyo mgeni wa kumi na nane: mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka arobaini na moja, na nilimfuata mume Ubelgiji mwaka jana. Miaka kumi na miwili ya ndoa hatukupata mtoto. Furaha tumemwasili kutoka Bukavu, ana mwaka mmoja na miezi minne. Sista aliyemleta alitukabidhi uwanja wa ndege, mtoto akiwa bado kafungwa mgongoni mwake kwa kitenge. Alikuwa anawahi treni. Alituachia mtoto, kitenge na karatasi mbili za Kifaransa, akambusu kichwani, akaondoka. Kesho yake Benno naye akaondoka, kazi imempeleka Ureno mpaka mwisho wa mwezi.

Nikabaki na mtoto niliyemwomba Mungu miaka yote hiyo, na sikujua nimfanye nini.

Zile karatasi nilizisoma kwa kamusi. Zinasema chanjo alizopata, uji anaoupenda, kwamba analala kifudifudi. Hazisemi anaongeaje. Hazisemi ukimwimbia atakugeuzia kisogo. Nimemlisha uji wa maziwa kwa kijiko, anakula vizuri tu, halafu anaanza kulia, na mama wa chini anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Juzi nilikaa naye sakafuni tukalia wote wawili. Ufagio haukutofautisha.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja. Siku ya tatu asubuhi alisimama kitandani kwake, akashika vyuma, akanitazama usoni, akasema, "Mayi."

Sisi wa Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa, mama tunamwita mayi. Nilimwita hivyo mama yangu mpaka siku tulipomzika, na baada ya hapo sikuwa na wa kumwita tena. Sasa mtu mfupi mwenye kamasi ananitazama na kunipa mimi neno lile. Nilimpigia Benno hotelini, nikamwambia ananiita mayi, akasema, "Hebu rudia." Kesho yake ukoo wetu mzima kule Songea ulikuwa na habari.

Mtoto wa Bukavu amelijulia wapi neno la ziwani kwetu? Sikujiuliza. Nikiwa mkweli, sikutaka kujiuliza.

Kila aliposema mayi nilikuja mbio. Nilimbeba, nikamkumbatia, nikamwambia, "Mayi yuko hapa, mayi haendi popote." Naye alizidi kulia, akijipinda mgongo na kunisukuma kifua kwa viganja vyote viwili. Nikajisemea ni uchungu wa kutoka kwao, utapungua. Nikamkumbatia zaidi.

Ijumaa anakuja mama wa ustawi wa jamii. Ameniachia fomu ya kujaza, na swali moja linauliza kama mtoto amekwisha kuniita, na ananiitaje. Hilo nililijaza la kwanza, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: Ndiyo. Ananiita mayi, tangu siku ya tatu.

Leo unga wa uji uliisha. Nikamfunga Furaha mgongoni kwa kitenge chake, tukapanda tramu mpaka Porte de Namur, tukashuka na barabara ya Chaussée d'Ixelles hadi kwenye duka la Maman Faida. Ni mama wa Kivu, anauza unga, mihogo, samaki wa kukaushwa na vocha za simu. Nimeingia kwake mara mbili tatu, sijawahi kuzidi salamu na bei. Kiswahili chake na changu vinapishana kidogo, na mimi nina ile aibu ya kijinga ya mwalimu, naogopa kucheka lugha ya mtu mbele yake.

Ndani kulikuwa na joto kuliko nje. Furaha akaanza. "Mayi! Mayi!" Nikamtoa mgongoni, nikamkumbatia, nikaanza wimbo wangu wa mayi yuko hapa. Watu watatu kwenye foleni wakageuka. Maman Faida akaacha mizani.

"Maman, mutoto analia mayi, haumusikie?"

"Namsikia," nikamjibu, na niliona fahari, nakiri. "Ananiita mimi. Kwetu mayi ni mama."

Alinitazama kidogo. Hakucheka, na namshukuru kwa hilo.

"Bon. Kwetu, maman, mayi ni ile ya kukunywa. Huyu mutoto iko na kiu, c'est tout. Njo maana iko analia vile."

Akachota maji ya bomba kwenye kopo la bati, akampa. Furaha alilishika kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua, maji yakimmwagikia kifuani. Akalirudisha. "Mayi." Akanywa la pili. Halafu akabeua kama mzee, na foleni nzima ikacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu ungefanya nini.

Siku ya kwanza nilimpa maji, naapa. Nilimpa kwenye chupa ya chuchu niliyoinunua kwa mbwembwe, akaisukuma, nikaamua kwamba mtoto huyu hapendi maji. Kumbe hajawahi kuona chuchu ya plastiki. Kwao anakunywa kwa kopo.

Maman Faida alinifungia unga na lile kopo pia, akasema, "Jumapili ukuye kwetu, tutakula pamoja." Nikasema asante sana. Nilifika kituo cha tramu ndipo nikakumbuka sikumuuliza anakaa wapi, na sikurudi kumuuliza.

Kwenye tramu nililia. Kijana mmoja akaniachia kiti, akidhani naumwa.

Siku sita nimemkumbatia mtoto mwenye kiu. Yeye anaomba maji kwa neno sahihi kabisa la kwao, na mimi nampa kifua changu kikavu na historia yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Na nyuma yake kuna lingine dogo, la aibu, ambalo ningemficha hata Benno: linaniuma kwamba hakuwa akiniita. Hana jina langu. Kwake mimi ni mtu aliyesimama karibu na bomba na hafungui.

Na ule ukoo wa Songea, nani atawaambia?

Tuliporudi nilimketisha juu ya meza ya jikoni, nikajaza kopo. Akanywa nusu. Kisha akanitazama, na safari hii mikono niliiweka nyuma kabisa ili isimkimbilie. Uso wangu ulikuwa bado na alama za machozi ya kwenye tramu. Akalinyanyua lile kopo kwa mikono miwili, likitikisika, akaliegemeza kwenye mdomo wangu mpaka likagonga meno.

"Mayi," akasema.

Nilikunywa. Mengi yalinimwagikia shingoni. Alingoja nimeze, akachungulia ndani ya kopo kuhakikisha maji yamekwisha, akaniegemea begani, na baada ya dakika kumi alikuwa amelala.

Sitajidanganya mara ya pili. Sijui kama ulikuwa upendo au ni adabu aliyofundishwa na masista, kwamba ukishakunywa unampa mwenzio. Nyumba ni ileile, simu haijalia, na wa chini pengine anashangaa ufagio wake umekosa kazi. Kesho nitapanda tena tramu nikamuulize Maman Faida anakaa wapi, hata kama sina cha kununua.

Fomu ninayo hapa pembeni. Nimekata kile nilichoandika, mstari mmoja, kwa rula, kama nilivyowafundisha wanafunzi. Chini yake nimeandika upya:

Bado hajaniita. Leo amenipa maji.