Pale Wanapolala Ng'ombe

Jumatatu, 14 Julai
Zamu yangu kusoma. Sura ya kumsikiliza mtumiaji kabla ya kuandika programu. Nimesoma kwa sauti, kompyuta zimefungwa, wenzangu Magesa na Rhobi wakisikiliza kwenye kreti za soda huku wakipiga miayo. Sheria yetu haijabadilika: msomaji anaeleza sura nzima kwa Kiswahili, na akitumbukiza neno la Kiingereza analeta maandazi. Nimetumbukiza mengi. Kesho maandazi ni yangu.

Napenda asubuhi hizi. Chumba chetu kiko juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Musoma, chini wanakata mabati, huku juu sisi tunasomeana kama watoto wa darasa la pili. Vitabu hivi tulielekezwa na dada mmoja wa Songea ambaye sijawahi kumuona. Ndiye pia aliyeandika mfumo tunaoutumia, wa kuwakumbusha akina mama siku za kliniki, kisha akauacha wazi mtandaoni, yeyote achukue, abadilishe. Sisi tumeubadilisha uwe wa ng'ombe. Hakutuuliza sisi ni nani. Mungu ampe maisha marefu.

Jumamosi tunajaribiwa Manyamanyama, kule Bunda. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Chama cha wafugaji kimekubali kuacha pikipiki ya kipaza sauti kwa mara moja na kutumia ujumbe wetu wa simu. Tukifaulu, tunapewa kata zote kwa mwaka mzima. Tukishindwa, Magesa anakwenda Dar. Wamemwita kazini kwa barua, wanataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Bila Magesa hakuna timu. Nimeliandika ili niache kujidanganya.

Jumatano, 16 Julai
Siku ya kupunguza. Mfumo wa Songea unamwandika mtoto peke yake na mlezi peke yake, pamoja na mahali anapoishi huyo mlezi. Magesa akasema hayo yote ya nini, ng'ombe ana mwenyewe, basi. Nikaona kweli. Tumefuta. Mfumo sasa mwepesi, Magesa anatembea chumbani kifua mbele. Rhobi alikuwa kimya, nikadhani kachoka.

Jioni ujumbe umekwenda kwa wafugaji wote walioandikishwa Manyamanyama: mlete ng'ombe joshoni Jumamosi asubuhi. Umefika kwa kila mmoja. Nimelala nikitabasamu.

Jumamosi, 19 Julai
Aibu tupu.

Watu walikuja. Walikuja wengi, wamevaa vizuri, fimbo mkononi. Ng'ombe hawakuja. Walikuwepo wachache tu wa majirani wa josho. Wazee walisimama kwenye uzio wakinionyesha simu zao, mmoja mmoja, ujumbe wangu ukiwa umefunguliwa. Mzee mmoja akaniuliza, mbele ya wote, "Sasa binti, ng'ombe wangu wako Bugwema. Mmeniita nichanjwe mimi?" Uzio mzima ukacheka. Hata afisa mifugo akacheka, kisha akaacha, kwa sababu chanjo ikishachanganywa haingoji kesho. Nyingi imemwagwa. Nilitazama anavyoimwaga.

Mwenyekiti wa chama hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alisema tu kwamba Alhamisi ni zamu ya Bugwema, na ikiwa hivi tena, pikipiki inarudi barabarani.

Njia nzima toka Bunda Magesa alikuwa akiisoma barua ya Dar.

Jumapili, 20 Julai
Nimekuja nyumbani Butiama. Sikwenda ibadani. Nimekaa jikoni na mama, nimemenya mihogo kwa hasira mpaka akaninyang'anya kisu.

Linaloniuma ni hili: nilijua. Sote tulijua. Huku kwetu nani anaweka ng'ombe wake wote zizi moja? Unampa rafiki wachache awachunge, naye anakunywa maziwa, siku moja anapata ndama. Ugonjwa ukiingia kwako, kule wanabaki. Baba mwenyewe ana ng'ombe wawili kwa rafiki yake Bugwema, tangu sijaanza shule. Nimeyanywa maziwa yao! Halafu nikaandika programu ambamo kila ng'ombe analala nyumbani kwa mwenyewe, kama paka.

Tuliwauliza wafugaji, "Unaishi wapi?" Hatukuwauliza ng'ombe wanalala wapi. Na sura ya kusikiliza nimeisoma mimi mwenyewe, kwa sauti.

Mama hakuuliza kitu. Amenifungia karanga za kupeleka ofisini. Nashukuru kwa mtu asiyeuliza.

Jumatatu, 21 Julai
Leo hatukusoma. Tumefanya kikao cha kutazama nyuma, kama vitabu vinavyotaka: halaumiwi mtu, kila mmoja anasema alichokiona. Hapo ndipo tunapokwamaga. Tumelelewa hivi: mkubwa anaanza, wengine wanaitikia. Nikisema mimi kwanza, Magesa ataongeza kidogo, Rhobi atasema ni sawa dada. Imekuwa hivyo tangu tuanze. Tunaita kikao, kumbe ni mimi naongea na mwangwi wangu.

Nikasema leo anaanza mdogo, na wakubwa hawafungui mdomo mpaka amalize. Rhobi akaanza sentensi, akaikata, akaanza nyingine. Nilitamani kumsaidia. Nikajiuma ulimi.

Akasema, "Mimi Jumatano niliona. Sisi kwetu Tarime ng'ombe hawakaagi wote kwa mwenyewe. Lakini nyie ni wakubwa, mlikuwa mmefurahi. Niliogopa kuwaharibia." Machozi yakamtoka. Yangu pia, sijui kwa nini nasita kuyaandika humu daftarini ambako hakuna anayesoma.

Magesa akanyanyuka. Nikadhani anaondoka. Akaenda kumwaga chai iliyopoa, akarudi na ya moto, akampa Rhobi kwa mikono miwili. Hakusema samahani. Magesa hajui kusema samahani, ila chai anajua.

Mchana nimemwandikia dada wa Songea, nikamweleza tulichokifuta na nani aliyeliona kosa. Jibu lake mistari miwili. Hakuna kilichopotea, matoleo yote ya zamani yamehifadhiwa, rudini nyuma mchukue. Na mwambieni huyo binti aliyeona kwamba namsalimu. Rhobi ameusoma ujumbe huo zaidi ya mara moja, nimemuona.

Mlezi amerudi. Sasa ng'ombe ana mwenyewe, ana mtunzaji, na ana pa kulala.

Jumanne, 22 Julai
Kupiga simu kutwa. Sauti imenikauka. Swali ni moja: ng'ombe wako wanalala wapi, na nani yuko nao?

Wengine wamekata simu. Mmoja kaniuliza kama nimetumwa na ndugu zake. Hapo nikaelewa kwa nini hawakututajia tangu mwanzo. Ng'ombe aliyeko kwa rafiki ni siri ya mtu. Ndugu wakijua, mwezi huo huo kila mmoja anakuja na shida yake kuomba ng'ombe. Rhobi ndiye aliyepata njia: mtunzaji aitwe alete ng'ombe alionao, jina la mwenyewe lisitajwe popote. Amesema kabla sijamuuliza. Nimefurahi kupita kiasi.

Nimempigia hata baba. Akanijibu kama anamjibu karani asiyemjua. Kisha akasema, "Usimwambie baba yako mdogo."

Alhamisi, 24 Julai
Bugwema. Tumefika mapema; safari hii ujumbe ulikwenda kwa watunzaji, si kwa wenye ng'ombe. Josho tupu. Afisa mifugo kakaa juu ya boksi la chanjo, hajalifungua, ananitazama. Sikumlaumu.

Kwanza vumbi. Kisha kengele. Wakaja kutoka pande zote, wanawake, vijana, rafiki yake baba na kofia yake ya majani, na mbele yao ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Afisa akafungua boksi. Magesa alishika kamba, akapigwa teke la paja, akacheka kama mwehu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu barua ya Dar.

Wawili wa baba wamechanjwa. Mmoja ana pembe moja. Nimemshika shingo.

Mwenyekiti akasema tu, "Tutakaa, tutawaambia." Nashukuru hata hivyo. Leo chanjo haikumwagwa.

Ijumaa, 25 Julai
Chama wamepiga simu asubuhi. Kata zote, mwaka mzima. Rhobi amepiga kelele mpaka wakata mabati wakanyamaza.

Magesa akatushika mkono, akachukua begi, akasema anakwenda kwao Murangi. Leo ndiyo siku ya kuwajibu watu wa Dar. Sikumuuliza. Kule ni mshahara wa kila mwezi na mama yake ni mgonjwa wa miguu. Nina haki gani ya kumng'ang'ania? Lakini namtaka abaki. Namtaka sana. Nimefurahi nusu siku, nusu ya pili nimeogopa.

Jumapili, 27 Julai
Tumemrudishia dada wa Songea kipande chetu cha programu, kile cha kuficha jina la mwenyewe, nasi tumekiacha wazi. Amekipokea. Anasema kwake wako akina mama ambao kitawafaa, wasiotaka jina lao lisomwe kwenye simu ya mtu mwingine. Sikuwaza kabisa. Kitu cha ng'ombe wa Bugwema kinakwenda kumsaidia mama wa huko Songea. Nimemshukuru Mungu kanisani, mbele, kwa jina la kila mmoja. La Magesa nimelirudia.

Jumatatu, 28 Julai
Asubuhi ya baridi, upepo wa ziwa. Rhobi amefika kabla yangu. Tumekaa wawili, hatujafungua kitabu, hatujasema tunamngoja nani.

Magesa kaingia amechelewa, amebeba kiti. Cha mbao, kizito, cha kwao. Kilifungwa nyuma ya bodaboda toka Murangi. Akamwambia Rhobi ainuke kwenye kreti ya soda, hiyo si ya kukalia mtu mwenye kazi ya mwaka mzima. Akakifuta vumbi kwa shati lake. Akamkalisha. Yeye akakaa kwenye kreti, akasema chake atakileta mwezi ujao.

Akauliza leo zamu ya nani kusoma.

Yake. Akasoma.