Mzalishaji wa Nini?

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mawingu yamejaa Mpanda tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki, na mimi nimerudi nyumbani na hasira za kumpiga mtu. Mtu mwenyewe ni mimi.

Nimemfukuza fundi Nestori sokoni.

Sikumfukuza kwa mkono. Nimemfukuza kwa Kiswahili, mimi ninayekifundisha sekondari, mimi ninayewakata watoto wa watu maksi wakikosea ngeli.

Msiomjua Nestori niwaambie. Ni fundi wa redio, simu na taa za sola, na meza yake iko kwenye kisoko chetu cha mtaani mwaka wa kumi na mbili huu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, na uraia kaupata akiwa mtu mzima mwenye watoto. Tunasali jumuiya moja. Nyuma ya meza yake kulikuwa na lundo la redio mbovu, simu zilizopasuka na taa zilizogoma kuwaka, na lundo hilo yeye aliliita marehemu. Ukimpelekea redio isiyosema, anainama kwenye lundo, anachomoa kipande kwa marehemu mmoja, anakiunga kwenye yako, jioni unasikiliza taarifa ya habari. Bila marehemu hakuna fundi. Hizi taa tunazouziwa siku hizi hazina spea popote, zikifa zimekufa, labda Nestori azikatalie kufa.

Sasa mimi nimeingiaje hapo? Kwa kujipendekeza.

Wiki tatu zilizopita watu wa mradi fulani walikuja shuleni na kurasa nne za Kiingereza kuhusu sheria ya taka. Kwa kifupi zilisema kwamba anayetengeneza kitu, au anayekiingiza nchini akiuze, ndiye abebe mzigo wa kukirudisha kikishakufa. Iwe chupa, mfuko, betri, simu au redio. Nilipozisoma nilifurahi kweli. Kwetu Mwamkulu pakiti za dawa za mpunga zimejaa kwenye mifereji ya mashamba, watoto wanachezea, na aliyezitengeneza hajawahi kuuona huo mpunga. Nikasema afadhali, leo kuna mtu kamkumbuka mwenye kiwanda.

Mkuu wa shule akaniomba nizitafsiri, zisomwe kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa soko. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Niseme ukweli maana hapa hakuna wa kunizomea: nilitaka ujiko.

Huyo wa kubeba mzigo, Kiingereza chao kilimwita kwa neno moja tu, producer, nami nikaliandika mzalishaji. Hadi hapo niko sahihi. Ila neno lilipokaa peke yake kwenye sentensi likanikera. Mzalishaji wa nini? Huku kwetu mtu ni mzalishaji wa kitu: wa mpunga, wa tumbaku, wa asali. Kusema mzalishaji ukaishia hapo ni kama kumwita mtu mama halafu usitaje mtoto. Na kwa kuwa karatasi yote ilizungumzia taka, nikaongeza maneno mawili ili sentensi itulie. Nikaandika: "Mzalishaji wa taka atawajibika kuzikusanya na kuziondoa."

Ikatulia.

Mzalishaji wa bidhaa ni mwenye kiwanda. Mzalishaji wa taka ni yeyote ambaye taka zimeonekana mlangoni kwake. Kwa maneno yangu mawili nilimtua mzigo aliye mbali nikamtwisha aliye karibu, na wala sikuona. Jumanne nilikaa mstari wa mbele mkutanoni, nimevaa fulana niliyopewa na mradi. Mwenyekiti wa kamati ya soko akaisoma ile sentensi, akataja kwamba kazi imefanywa na Mwalimu wetu wa Kiswahili, akanitaja kwa jina. Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikainama kidogo kama mgombea. Nimesikia kosa langu likisomwa kwa sauti mbele ya watu, na nikaliinamia kwa heshima.

Leo asubuhi nimempelekea Nestori redio ya mama yangu. Nimekuta meza yake imepakiwa kwenye guta, miguu juu, na nyuma pale pamebaki udongo mweusi tu. Marehemu hawapo.

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alinieleza taratibu kwamba Jumatano aliletewa barua ya kamati ya soko, na jana trekta la taka likaja, wakazoa lundo lote pamoja na redio mbili za wateja zilizokuwa zinasubiri, wakaenda kumwaga dampo. Yeye anarudi Katumba kwa kaka yake, akalime. Fundi asiye na spea akae mezani afanye nini? Mke ameshatangulia na watoto. Kisha akanipa barua niisome.

"Kwa kuwa wewe ni mzalishaji wa taka za kielektroniki, utawajibika kuzikusanya na kuziondoa." Nimeisoma nimesimama pale pale. Sikuhitaji kufika mwisho.

Akaniuliza: "Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha. Huyo mzalishaji ni mimi kweli?"

Nafasi ndiyo hiyo, imewekwa mkononi mwangu. Nikamjibu kwamba hiyo ni lugha ya kiserikali tu, huwa nzito.

Lugha ya kiserikali. Mungu anisamehe, maana mimi sijajisamehe.

Akaikunja barua, akaitia mfuko wa shati. Akasema: "Basi. Sisi karatasi hatubishani nayo, Mwalimu. Karatasi ndiyo ilitufanya Watanzania."

Nimeondoka pale bila kuaga. Nimeenda moja kwa moja dukani kwa mwenyekiti, nimemkuta anapanga taa mpya za sola kwenye shelfu, zile zile za kufa kabla ya msimu wa pili. Nimemweleza yote. Kwamba nimekosea, kwamba anayetakiwa ni mwenye kiwanda na anayeagiza, kwamba Nestori haingii popote. Amenisikiliza vizuri, wala si mtu mbaya. Amenivutia kiti, akasema barua imeshagongwa muhuri na vitu vimeshakwenda, na maji yakimwagika hayazoleki. Halafu akaniambia kwa utulivu kabisa:

"Huyo mwenye kiwanda mimi nitampata wapi, Mwalimu? Nestori nampata hapa hapa."

Nimeinuka, nimekirudisha kiti chake, nimetoka. Husemwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunaishia kwenye kunyonga. Inawezekana hata ningeandika sahihi, sheria ingesafiri kutoka huko inakotoka, ikawapita wakubwa wote njiani, ikafika kwetu imechoka na kumwangukia fundi wa pembeni ya soko. Inawezekana. Ila isingempata kwa maneno yangu, na hapo sina pa kujificha.

Nimerudi sokoni karibu nikimbie. Nestori alikuwa anakaza kamba za guta. Nimemwambia yote safari hii, bila kuzunguka. Kwamba ile sentensi ni yangu. Kwamba neno nililijua nikalipamba likaharibika. Kwamba kama mtaa huu una mtu mmoja anayepunguza taka ni yeye, na sisi wengine wote ndio tunaozizalisha.

Hakushtuka. Aliendelea na fundo lake mpaka likakaza, ndipo akaniangalia.

"Nilijua ni yako. Jina lako lilisomwa, nilikuwa nyuma pale. Ndiyo maana sikubisha. Nilisema kama Mwalimu ndiye ameandika, basi ni kweli mimi ni mchafu."

Nikakosa pa kutazama. Akanishukuru kwa kuja, akaniomba nimsalimie mama, akasema redio yake pengine ni waya tu wa spika umekatika, fundi yeyote ataunga. Akasukuma guta akaenda.

Fundi yeyote! Yupi mwingine?

Jumatatu nitasimama sokoni niisome ile sentensi upya, mzalishaji wa bidhaa, na nitasema mwenye kosa ni mimi. Nitaandika pia kwa watu wa mradi. Wakinicheka wanicheke, wakinipuuza nitarudia wiki inayofuata. Redio za wateja nitazifuata dampo mwenyewe kama bado zipo.

Hayo yote nayaweza. Sentensi unaifuta, unaandika nyingine. Lakini mtu aliyetutengenezea vitu vyetu miaka kumi na mbili amekaa siku nne nzima akijiona uchafu, na aliamini hivyo kwa sababu ananiheshimu.

Hiyo nayo nitaifuta kwa kitu gani?