Bendera barabarani

Jumatano. Mvua ya asubuhi iliacha tope, jua la mchana limelikausha likawa vumbi, na mimi bado nina hasira ya wiki nzima.

Wiki iliyopita pikipiki ilimgonga Neema, mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, mbele ya geti la shule. Alikuwa anavuka kwenda kwao Ngezi. Mguu umevunjika. Motari, dereva wa pikipiki hiyo ya abiria, hakugeuka hata kuangalia nyuma.

Niliandika barua kuomba matuta. Nikaambiwa nisubiri. Nikasimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono; motari wakanizunguka kama jiwe, wengine wakinipigia honi na kucheka.

Leo asubuhi, wakati wa kupandisha bendera, nilitazama nje ya geti. Pikipiki zote zimezimwa, abiria wameshuka, kofia mkononi. Kila siku ndivyo ilivyo. Huku kwetu bendera ikipanda, hakuna anayetembea. Miaka tisa nafundisha hapa na sikuwahi kulifikiria.

Kwa bendera wanasimama. Kwa mtoto, hapana.

Basi saa sita na nusu, watoto walipotoka, nilichukua bendera ya zamani kwenye kabati la ofisi bila kumwomba mtu. Nikawapanga watoto kando ya barabara, nikaishika juu, nikaanzisha wimbo wa taifa. Barabara nzima ikaganda. Watoto wakavuka wakiimba, hata wale wadogo wa darasa la kwanza, polepole, bila kukimbia.

Motari mmoja alilalamika: « Madamu, sasa ni midi, mchana! Bendera gani inapandaka midi? »

« Zima moteri, » nikamwambia. « Inchi iko inapita. »

Alizima.

Direkta wetu hakufurahi. Aliniita ofisini. « Madamu, bendera haiko ya kuchezea. »

« Na batoto, Direkta, beko ba kuchezea? »

Alinipa demande d'explication, ile karatasi ya kunitaka nijieleze kwa maandishi kabla ya kesho asubuhi. Kisha akaifungia bendera kabatini na kutia ufunguo mfukoni.

Naogopa, nisijidanganye. Karatasi kama hii ilimwondoa mwenzangu mwaka jana, na mimi sina kazi nyingine. Direkta anataka niandike kwamba nilikosea na sitarudia. Mistari miwili tu, alisema, na mambo yataisha.

Nimeandika mmoja: « Nilifanya hivyo kwa sababu wanasimama. »

Nimeusoma mara tatu. Sifuti hata neno.

Kesho saa sita na nusu nitakuwa palepale. Bendera imefungiwa, sawa. Lakini wimbo watoto wote wanaujua, na huo hauna kabati. Tutavuka tukiimba.