Dagaa Wasio na Mchanga

Katonga, Jumapili

Mdogo wangu Faustini,

Mimi mzima, ila meno yamebaki manne, na yote yanagombana. Redio inasema nchi inayouza nje zaidi kuliko inavyonunua ndiyo yenye afya. Basi mimi, kwa darasa langu la nne, natangaza kwamba nyumba yangu ina afya kukushinda wewe.

Huko kwenu ng'ambo ya ziwa mmepandisha ushuru wa dagaa, sivyo? Mchuuzi wenu Heritier alikuja kwa binti yangu Winfrida akitaka ushuru huo ukatwe kwenye bei yetu. Magunia arobaini yalikuwa stoo, mvua iko mlangoni, na dagaa wakishika unyevu wameharibika. Nilimwona Winfrida hali chakula kwa mawazo. Nikamnong'oneza, "Kubali, mwanangu." Akanijibu, "Baba, kunywa chai yako."

Akamtia Heritier dagaa mkavu mdomoni. "Tafuna. Umesikia mchanga?"

"Hapana, dada."

"Kwa sababu tunaanika kwenye chanja. Ushuru ni wa serikali yenu, si wa dagaa wangu."

Heritier akaondoka amenuna, akanunua kwingine wa bei rahisi, walioanikwa mchangani. Wiki ya pili huyo karudi, mpole kama mkwe. Wateja wamemrudishia mzigo, mama mmoja kamtupia usoni! Akabeba magunia yetu yote, kwa bei ile ile.

Nilisimama, nikavua kofia, nikamwamkia binti niliyemzaa mwenyewe: "Shikamoo."

Akaitika "Marahaba" bila haya.

Kaka yako asiye na adabu,
Gervasi