Valens na taa ya chumba ya Maman

Christelle weee. Nacheka sababu kulia imenishinda.

Unajua Samedi, kisha umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, banamuchagua Valens, bwana yangu, achunge courant, umeme, isipotee bure mu mtaa yetu, juu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Tangu siku ile hatulale.

Leo saa sita ya mchana anapita, anaona taa inawaka mu chumba ya Maman. Maman yangu! Mama mukwe wake!

Ile chumba mukwe haingiake. Hata kuchungulia.

Aliingia. Akazima. Akatoka na roho safi.

Kumbe chini ya ile taa kuko katoni ya vifaranga, Maman alivileta jana kutoka Bukavu.

Maman anarudi ku soko, anakuta batoto ba kuku banatetemeka na baridi. "Nani aliingia mu chumba yangu?" Akajijibu mwenyewe: "Bon, pengine courant ilikatika."

Christelle, alikuwa amepona. AMEPONA.

Valens anasimama, anakohoa: "Hapana Maman. Leo courant haikukatika hata kidogo."

Hata kidogo!! Aliitetea courant.

Maman akamukaribia: "Fungua koti, papa." Akamujaza vifaranga mu kifua. "Unapenda kuokoa courant? Sawa. Taa ni wewe."

Vyote vizima, Mungu asifiwe. Vinalala mule.

Yeye ameketi mu salon, hawezi kusimama. Televizyo inawaka. Taa ya salon inawaka. Ya inje pia, na jua hii.

Anaziangalia moja moja. Hakuna muntu anamuzimia hata moja.