Nilibandika 18 Kwenye Uso wa Mtoto

Mama Nwakaego mpendwa, nasoma majibu yako gazetini, naomba na mimi unisaidie, lakini kwanza ujue kwamba nimemkosea mtoto wa watu. Anaitwa Somadina, ana miaka kumi na mitatu. Mimi nina hamsini na mbili, ni mtayarishaji wa filamu hapa Asaba, Nigeria, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mwaka huu nimetengeneza filamu inaitwa Mlango wa Nyuma, ni ya msichana ambaye baba yake amekufa na baba zake wadogo wanataka kumtoa mama yake kwenye nyumba, na msichana anasikia mipango yao yote akiwa amejificha nyuma ya mlango. Somadina ndiye msichana huyo, na alicheza vizuri mpaka mpiga picha akawa anajifuta macho. Mwongozaji ni dada mmoja, Chizaram, na yeye tangu tunaandika alisema filamu hii ni ya watoto wa sekondari na mama zao, tuombe daraja la kumi na mbili, yaani mtoto wa miaka kumi na mbili kwenda juu aruhusiwe kuiangalia. Mimi nikakubali, halafu nikaipeleka kwa msambazaji wangu, Oga Ifeadi, oga huku ni bosi, akaangalia nusu, akacheka. Akaniambia, "Kumi na mbili? Nani atanunua, walimu? Weka kumi na nane, nyekundu, kubwa. Watu wajue kuna kitu humo."

Nikaweka. Sisi huku mabango tunayachapa hata kabla filamu haijafika bodi ya kukagua, kila mtu anafanya hivyo na hakuna anayeuliza, basi uso wa Somadina ukajaa bango zima, analia, na 18 nyekundu kando ya shavu lake. Na ili namba isiwe uongo mtupu nikangoja Chizaram aende Enugu kumuuguza mama yake, nikaongeza dakika mbili za ugomvi wa baa, baba mdogo mmoja anapasuliwa chupa kichwani, damu mpaka kwenye sahani ya nyama, na matusi ambayo siwezi kukuandikia.

Mabango yakabandikwa sokoni, na mama yake Somadina anauza samaki wakavu soko hilohilo. Kusema kweli hilo halikunipitia akilini. Wanawake wakaangalia bango, wakamwangalia yeye, mmoja akamuuliza kama samaki hawalipi siku hizi mpaka binti naye auzwe. Kanisani Somadina akaambiwa apumzike kwanza kwaya. Kubwa zaidi, umoja wa wanawake wa kijiji chao umemwita mama ajieleze kwenye mkutano wa Agosti, ule ambao kila mwanamke anarudi kijijini, awe Lagos, awe Abuja, kwa nini amemtoa mtoto acheze filamu chafu. Ni Jumamosi, tarehe kumi na sita.

Alikuja ofisini na binti yake. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Oga Okwudili, siku nyingine sikuwepo mlipokuwa mnapiga picha. Niambie ukweli, mwanangu mlimfanya nini?"

Nikamjibu, mama, hiyo ni biashara tu. Ndipo Somadina akauliza kwa adabu kabisa, "Oga, kwa hiyo mimi nitajiona nikifika miaka kumi na minane?"

Mama, nilijifanya natafuta karatasi.

Sasa kinachonishangaza ni hiki. Bodi wameirudisha na kumi na tano. Hawakunipa ile ya bango, na wameniandikia kwamba dakika mbili za baa zikitoka, niipeleke tena, itafaa kumi na mbili. Nimekaa na barua hiyo siku tatu. Wamehesabuje? Mbona baba mdogo mmoja anampiga kofi mjane, mama wa yule msichana, na hawakusema kitu, mjane ananyolewa nywele kwa nguvu, ile mila yetu ya kufiwa na mume, huku analia na hawakusema kitu, lakini chupa moja imepandisha filamu nzima? Wanahesabu makofi? Wana mizani? Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii na sijawahi kuuliza, nilikuwa napokea namba kama mtu anavyopokea risiti. Na Ifeadi amesema namba ikishuka hataigusa filamu yangu. Chizaram bado hajui nilichoongeza. Nichague namba gani, na nianzie wapi?

Okwudili, Asaba


Okwudili,

Umeandika ukurasa mzima kuuliza namba, na mama wa watu ana siku tisa. Lakini swali lako la mizani ni zuri, na mimi mwenyewe sikulijua jibu, kwa hiyo nilimpigia rafiki yangu aliyewahi kukaa kwenye jopo la kukagua.

Alicheka sana kuhusu makofi. Hawahesabu. Wanakaa wanaiangalia filamu yote, halafu wanaulizana jambo limeonyeshwaje, kwa karibu kiasi gani, limechukua muda gani, na mtoto atatoka pale na nini kichwani. Kofi la mjane linaumiza, na filamu yako iko upande wa aliyepigwa, mtoto wa miaka kumi na mbili analielewa hilo. Kunyolewa kunatisha, lakini wangapi huku hawajaona shangazi akinyolewa? Ile chupa nilimsimulia kama ulivyoiandika. Akauliza, wanaoangalia ugomvi huo kwenye filamu wanafanya nini? Mimi nadhani wanashangilia. Jibu mwenyewe, ndiwe uliyekuwa nyuma ya kamera.

Akaniambia pia kwamba daraja huchaguliwa wakati wa kuandika. Unajiuliza nani lazima aione filamu hii, halafu unaandika na kupiga picha ukimkumbuka huyo. Chizaram alifanya hivyo. Wewe ulianza na bango ukarudi nyuma kutafuta damu ya kulijaza.

Nakuonea huruma kwa sababu umeona aibu, na wenzako wengi hawaoni. Lakini usiniletee "ni biashara tu". Mzazi hajaiona filamu. Ana namba yako peke yake. Uliuambia mji mzima kwamba mtoto yule yumo kwenye mambo ya watu wazima, na mama yake alipokuuliza ana kwa ana ukashindwa kumwambia kwamba mwanawe hakuguswa.

Kwa hiyo toa ugomvi wa baa, omba kumi na mbili. Ifeadi mwache aende, utapata msambazaji mwingine au utazunguka nayo mwenyewe mashuleni. Mpigie Chizaram leo, kabla hajasikia kwa mtu, na akikutukana nyamaza. Mabango yabandue kwa mkono wako, mchana, watu wakuone. Usichape mengine kabla bodi haijakupa daraja kwa maandishi. Kisha mtafute mwenyekiti wa umoja wa wanawake umwombe ruhusa, maana mwanaume haingii mkutano ule kwa miguu yake tu. Mama wa Somadina asisimame kujieleza kosa lako. Na mtoto aulizwe kama anataka kuwepo. Hujamuuliza kitu mpaka leo.

Nwakaego


Mama Nwakaego,

Chizaram amenitukana dakika kumi na moja, nimenyamaza. Kisha akakata dakika zile mbili mwenyewe, na filamu imerudi bodi, majibu bado. Mabango ya sokoni nimeyabandua yote, wauza samaki walikuwa wananielekeza lililobaki. Mwenyekiti amenipa ruhusa ya kuongea mara moja na kutoka. Somadina amesema atakuja, lakini akae karibu na mlango. Jumamosi tarehe kumi na sita, kabla jina la mama yake halijaitwa, nitasimama mbele ya wanawake wote na kusema namba ile niliibandika mimi, kwa tamaa yangu. Nitawasomea barua ya bodi, kisha nitawaachia filamu waiangalie bila mimi.